UZI: "Putative" si matusi. Lakini ukiliacha nje ya tafsiri, unaweza kuumiza watu

1/ Juzi usiku, kwa mjadala wa runinga, mchambuzi mmoja alimwita mwanasiasa fulani "putative kingpin" wa eneo lake. Dakika tano baadaye simu yangu ilikuwa imejaa. Wafuasi wake wanauliza, "Mwalimu, hayo si matusi?" Wapinzani wake nao, "Kwa hivyo amekubali kwamba huyo ndiye kigogo?" Kambi mbili, neno moja, na zote zimelielewa kombo.

2/ Sasa tuliangalie pole pole. Sheria ya hapa mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukileta jina kwa majibu nitakupita tu kama matatu iliyojaa.

3/ "Putative" ni kivumishi cha Kiingereza rasmi, kile cha mahakamani, cha vyuo vikuu na cha watu wa tai. Maana yake: mtu au kitu kinachodhaniwa kuwa hivyo, kinachohesabiwa na watu kuwa hivyo, ila hakuna aliyethibitisha. Halisifu wala halitusi. Msemaji anasema tu, "Watu wanachukulia hivyo. Mimi sijaweka sahihi yangu hapo."

4/ Limetoka kwa kitenzi cha Kilatini "putare". Mwanzoni kilihusu kupogoa matawi na kusafisha, baadaye kikawa kuhesabu, halafu kufikiri. Kutoka kwa mzizi huo Kiingereza kikapata neno la kompyuta, neno la sifa ya mtu mbele ya watu, neno la mzozo, na hata neno lake la naibu. Kwa hivyo "putative kingpin" ni kigogo wa kuhesabiwa. Swali la kwanza linakuja lenyewe: nani alihesabu?

5/ Na hapo ndio utamu wa siasa zetu ulipo. Cheo cha kigogo wa eneo hakipo kwa Katiba. Gavana yuko, seneta yuko, mbunge yuko, mwakilishi wa wadi yuko, na kila mmoja ana cheti kutoka kwa tume ya uchaguzi. Kigogo hana cheti. Ana dhana tu: kwamba akienda upande huu, kura za kwao zinamfuata zote kwa kapu.

6/ Lakini usiidharau hiyo dhana, kwa sababu inafanya kazi ya kweli. Inampa kiti mezani miungano ikiundwa. Inampa vyeo vya kugawa. Wenzake wanamwogopa bila kujua kama kapu lina kura au lina majani ya migomba. Kifungu cha 81 cha Katiba kinasema kura ni ya siri, kwa hivyo mpaka siku ya uchaguzi hakuna anayejua kilichomo kwa hilo kapu, hata yeye mwenyewe.

7/ Kwa hivyo mchambuzi alitumia neno sawasawa kabisa. Hakumtusi mtu, na hakumpa mtu ufalme. Alisema: huyu anahesabiwa kuwa kigogo, mimi sijahesabu kura. Wafuasi, tulieni. Wapinzani, nanyi tulieni.

8/ Shida ni kwamba neno hili lina ndugu zake, na kwa taarifa za wanasiasa, za mawakili na za vyombo vya habari wanatembea pamoja. Ukiwachanganya unabadilisha maana yote. Nitawaleta watatu, kila mmoja na Kiswahili chake.

9/ Wa kwanza: "alleged". Kiswahili chake kizuri ni "anayedaiwa". Hapa kuna mtu aliyetoa dai. "Afisa anayedaiwa kupokea hongo" maana yake kuna aliyesema alipokea. Inaweza kuwa mpelelezi, shahidi au mpinzani wake wa kisiasa. Kwa hivyo ukisikia "inadaiwa", uliza: na nani? Kama taarifa nzima haisemi ni nani, jua umeuziwa mbuzi ndani ya gunia.

10/ Wa pili: "purported". Huyu ana dharau kidogo. Mwandishi anakuonyesha kwamba kitu kinajidai kuwa hivyo na yeye anakitilia shaka. Ile barua yenye nembo ya chama inayotokea saa nne usiku ikisema mgombea amejiondoa, na asubuhi chama kinaikana? Hiyo ndiyo "purported letter". Kiswahili kina dawa yake ya herufi tatu: "eti". Eti ni barua ya chama. Kwa spoken yetu tunasema "ati", na kazi ni ile ile.

11/ Wa tatu ndiye mzito: "presumptive". Nalo ni neno la dhana, lakini dhana hii ina miguu. Kuna kanuni au hesabu inayoishikilia, na inabaki imesimama mpaka jambo linalojulikana litokee kuiangusha. Asili yake ni Kilatini tena, kuchukua kitu kabla. Kwa Kiswahili ningesema "anayechukuliwa kuwa, kwa sasa". Msiache hilo "kwa sasa". Nusu ya maana iko hapo.

12/ Mfano wake mmoja ulipita hapa kwetu. Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alikuwa "heir presumptive" kuanzia 1936. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa foleni ya kurithi, lakini sheria ya wakati huo iliwatanguliza wavulana. Kama angezaliwa ndugu wa kiume, angerudi nyuma. Kwa hivyo kwa zaidi ya miaka 15 alikuwa mrithi wa "kwa sasa".

13/ Ndugu wa kiume hakuzaliwa. Tarehe 6 Februari 1952 baba yake alifariki, na yeye alikuwa huku Kenya, kwenye hoteli ya Treetops iliyojengwa juu ya mti kule Aberdare, Nyeri. Dhana yake iliisha siku hiyo, akiwa kwetu, akawa malkia. Lakini siku moja kabla ya hapo, mtu angemwita malkia angekuwa amekosea, hata kama kila mtu alijua foleni imekaaje.

14/ Mfano wa pili ni wa nyumbani kabisa: kambistei. Mahakama zetu zimekuwa kwa miaka mingi na kanuni kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja muda mrefu na jamii ikiwajua kama mume na mke, ndoa inaweza kuchukuliwa kuwa ipo. Lakini akija mtu na ushahidi, kwa mfano kwamba mmoja wao alikuwa na ndoa nyingine halali, dhana inaweza kuanguka. Imeshikiliwa na kanuni, inaangushwa na ushahidi. Hiyo ndiyo "presumptive".

15/ Sasa turudi kwa siasa. Kule Marekani utasikia "presumptive nominee". Ni mwaniaji ambaye tayari amepata wajumbe wa kutosha, ila mkutano mkuu wa chama haujamwidhinisha. Watu wetu wanatafsiri "ameteuliwa". Hapana. Anachukuliwa kuwa ndiye, kwa sasa, mpaka mkutano ukae. Wahenga walishasema: usikate kanzu, mwana hajazaliwa.

16/ Na hapa kwetu? Hapa ndio neno hili linaacha kuwa la kamusi. Kuanzia kura ya mwisho inapopigwa mpaka kiapo, tunaishi ndani ya dhana kwa wiki kadhaa. Na kila hatua ina dhana ya uzito wake. Tuzipange.

17/ Hatua ya kwanza: kituo cha kura. Kura zinahesabiwa pale pale, fomu 34A inajazwa, mawakala wanatia sahihi. Kisha eneo bunge linajumlisha kwenye fomu 34B. Zamani sheria iliruhusu matokeo ya urais ya eneo bunge yachukuliwe kuwa ya muda tu, mpaka Nairobi iyathibitishe. Mahakama Kuu ikasema hapana mwezi Aprili 2017, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo tarehe 23 Juni mwaka huo: matokeo yaliyotangazwa eneo bunge ni ya mwisho kwa eneo hilo. Ni mahakama pekee inayoweza kuyagusa.

18/ Ona vile kivumishi kimoja, "ya muda", kilipelekwa mpaka Mahakama ya Rufaa. Kama ni ya muda, mtu wa Nairobi anaweza kuyabadilisha. Kama ni ya mwisho, hawezi. Kesi nzima ilikuwa juu ya nani ana haki ya kusema neno la mwisho. Ukiambiwa maneno ni maneno tu, mpe mfano huo.

19/ Hatua ya pili: zile namba za kwenye runinga. Mwaka 2017 namba zilianza kumiminika kwa skrini usiku ule ule wa tarehe 8 Agosti. Nchi nzima ilizichukua kuwa matokeo. Baadaye, mahakamani, upande wa tume ukasema yale yalikuwa takwimu tu, hayakuwa na nguvu ya kisheria. Soma tena. Watu walishangilia, wengine wakalia, juu ya kitu ambacho mwenyewe alikuja kusema si matokeo.

20/ Mwaka 2022 tume ilifanya tofauti. Iliweka picha za fomu 34A kwa tovuti yake, za vituo zaidi ya 46,000, na kila mwenye intaneti na subira akaweza kujumlisha. Vyombo vya habari vikajumlisha, kila kimoja kwa kasi yake na kwa mpangilio wake. Matokeo? Ukihamisha chaneli, anayeongoza anabadilika. Hawakuwa wakidanganya. Mmoja alikuwa ameanza na fomu za huku, mwingine na za kule. Wote walikuwa na washindi "putative": wa kuhesabiwa, na hesabu haijaisha.

21/ Hatua ya tatu: tangazo. Kifungu cha 138 kinaipa tume siku saba baada ya uchaguzi kutangaza. Hapo anapatikana rais mteule. Je, hapo dhana imeisha? Bado. Imepanda cheo tu, kutoka "putative" hadi "presumptive". Sasa kuna fomu 34C na tangazo rasmi, na anayepinga ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Lakini kifungu cha 140 kinatoa siku saba za kufungua kesi, na Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuamua.

22/ Hii si nadharia. Mwaka 2017 mshindi alitangazwa tarehe 11 Agosti. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi huo, na tukarudi kupiga kura tarehe 26 Oktoba. Yaani kwa wiki tatu nchi ilikuwa na rais mteule ambaye uteule wake ulikuja kuanguka. Mwaka 2013 na 2022 kesi zilifunguliwa pia, na dhana ikasimama. Mwaka 2022 tangazo lilikuwa tarehe 15 Agosti, uamuzi tarehe 5 Septemba, kiapo tarehe 13 Septemba. Kila tarehe kati ya hizo ilikuwa na kivumishi chake.

23/ Kuna dhana nyingine inayopigiwa kelele sana kwa mijadala: ya kutokuwa na hatia. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa anachukuliwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hivyo "mshukiwa" si "mshtakiwa", "mshtakiwa" si "mfungwa", na wote watatu si lazima wawe "mwizi". Kenya tuna maneno tofauti kwa kila ngazi. Tunayatumia kama sahani za harusi: yako kabatini, hayatolewi.

24/ Na ndio maana mtu mwenye kesi bado anaweza kuwa kwa karatasi ya kura. Kifungu cha 99 kinasema kuhusu wabunge kwamba hata aliyehukumiwa hazuiwi kugombea mpaka nafasi zote za rufaa ziishe. Unaweza kuchukia hilo. Lakini ukisema "tume imemruhusu mwizi", umeruka ngazi tatu kwa mguu mmoja.

25/ Upande wa pili nao usinichezee. Wanasiasa wanapenda kujificha nyuma ya dhana hiyo: "Sina hatia, kwa hivyo msiniulize." Hapana, mheshimiwa. Dhana ya kutokuwa na hatia inamfunga hakimu na inaifunga serikali, isikuadhibu kabla ya ushahidi. Haimfungi mpiga kura asikuulize maswali, na haimlazimishi akupe kura yake. Mahakama inangoja ushahidi usioacha shaka. Mimi kwa debe naweza kutosheka na kidogo zaidi.

26/ Sasa tuje kwa lugha yetu. Kuna watu husema Kiswahili hakina maneno ya tofauti hizi ndogo ndogo. Uongo. Tuna anayedhaniwa, anayedaiwa, anayeshukiwa, anayechukuliwa kuwa, anayejidai, eti, inasemekana, huenda. Kinachokosekana ni subira ya kuyaandika. "Anayedhaniwa kuwa mshindi" ni maneno matatu. "Mshindi" ni moja. Kwa haraka ya kusambaza habari, unajua ni gani litakalobaki.

27/ Ila nitakubali Kiswahili kina mtego wake mmoja. "Inasemekana", "inadaiwa", "inaaminika": vyote vinamficha msemaji. Mwanasiasa anasimama jukwaani anasema "inasemekana hawa watu wamepanga kuiba kura", na nani amesema? Yeye, sasa hivi. Ukimbana anakutolea methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali ni tamu, lakini si fomu 34A.

28/ Nimewaambia haya yote kwa sababu nami nimefanya hilo kosa. Agosti 2022, katika zile siku za kungoja, kikundi chetu cha WhatsApp cha mtaa kilinizoea kama mtafsiri. Taarifa ikitoka kwa Kiingereza, watu wanasema, "Mwalimu, hii inasema nini?" Siku moja ikaja taarifa ndefu ya kurasa nne, na ndani yake kulikuwa na "putative winner". Nilikuwa kwa matatu, simu ina asilimia sita. Nikaandika mstari mmoja: "Wanasema fulani ameshinda."

29/ Haukuwa uongo wa makusudi. Niliacha neno moja tu. Lakini jirani yangu, mama mwenye kibanda cha mitumba, alisoma mstari huo na akakumbuka yaliyompata mwaka 2007. Alifunga kibanda asubuhi ile ile. Akawapeleka watoto ushago kwa nauli iliyokuwa imepanda maradufu, kwa pesa alizokopa. Mtaa wetu ulikaa kimya wiki nzima, hakuna jiwe lililorushwa.

30/ Aliporudi nilienda kumsalimia. Nikaanza kujitetea kwamba taarifa yenyewe haikusema ameshinda, ilisema anadhaniwa kuwa ameshinda. Aliniangalia akiwa anapanga nguo, akasema, "Mwalimu, mimi sijui Kiingereza. Ulichoandika ndicho nilichosoma." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Nilimsaidia kutundika nguo, basi.

31/ Tangu siku hiyo, kabla ya kutafsiri au kusambaza taarifa yoyote ya siasa, najiuliza maswali matatu. Nani anadhani? Anadhani kwa msingi gani: fomu, ushahidi, au kelele? Na dhana hii inaisha lini: tume ikitangaza, mahakama ikiamua, mkutano ukikaa? Nikikosa jibu la hata moja, siisambazi. Nangoja.

32/ Maswali hayo matatu yanafanya kazi kila mahali. Kigogo wa eneo: wanaodhani ni wachambuzi na wafuasi, msingi ni mikutano iliyojaa, mwisho ni siku ya kura. Rais mteule: anayesema ni tume, msingi ni fomu, mwisho ni siku za kesi kwisha au mahakama kuamua. Barua ya saa nne usiku: anayesema hajulikani, msingi ni nembo, mwisho ni asubuhi.

33/ Na ukiwa wewe ndiye unayetafsiria mama yako, babu yako au kikundi cha chama, tafadhali beba kivumishi. Ukikuta "putative" andika "anayedhaniwa". Ukikuta "presumptive" andika "anayechukuliwa kuwa, kwa sasa". Ukikuta "alleged" andika "anayedaiwa na", halafu umtaje anayedai. Ukikuta "purported" andika "eti". Ni sekunde kumi zaidi. Kuna mtu mwisho wa mstari wako ambaye atafunga biashara au atafungua kwa sababu ya hizo sekunde.

34/ Uzi umeisha. Kama kuna neno lingine lililowatatiza kwa mjadala wa juzi, liacheni hapa chini, nitalichukua wiki ijayo. Na yule aliyeniuliza kama "putative" ni matusi: sasa ukimwita kigogo wako "anayedhaniwa kuwa kigogo", mwangalie usoni. Akikasirika, basi hata yeye hajahesabu kapu lake.